Nilikula Mara Mbili: Mgeni katika Hadithi za Siku ya Shukrani

Alhamisi ya nne ya Novemba, mwaka wangu wa pili chuoni Marekani, nilikula karamu mara mbili. Saa tisa alasiri nilikuwa mezani kwa wazazi wa rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja bwenini. Saa mbili usiku nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye chumba cha kupanga, sahani ya karatasi mapajani, pamoja na marafiki wengine wa chuo ambao kwao kulikuwa mbali mno kwenda kwa siku nne za likizo. Kote kuwili kulikuwa na bata mzinga. Kote kuwili niliambiwa nimekula kidogo.

Nimeikumbuka siku ile kwa sababu mwezi uliopita nilirudia kusoma hadithi tatu zinazohusu Siku ya Shukrani, moja ya O. Henry, moja ya Truman Capote, na tamthilia ya Larissa FastHorse. Nilipomaliza nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza nilipokuwa mwanafunzi: katika hadithi hizi, mgeni anaruhusiwa kusema nini? Maana wenyeji husema mengi. Wanaomba, wanakaribisha, wanaeleza historia ya kila chakula, wanazunguka meza nzima kila mtu ataje anachoshukuru. Mgeni naye? Mgeni anatarajiwa kusema asante, na kuongeza sahani.

Kwanza niweke msingi, maana wengi wetu tunadhani sikukuu hii imeshuka moja kwa moja kutoka mwaka 1621. Ukweli ni kwamba fasihi ina mkono mkubwa ndani yake. Mwaka 1827 mwanamke mmoja wa New Hampshire, Sarah Josepha Hale, alichapisha riwaya iitwayo Northwood, na ndani yake akaandika sura nzima kuhusu chakula cha Siku ya Shukrani, sahani kwa sahani, kama mpishi anayejisifu. Baadaye akawa mhariri wa jarida la Godey's Lady's Book, na kwa miaka mingi akawaandikia magavana na marais akitaka siku hiyo iwe ya taifa zima. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Abraham Lincoln akaitangaza. Kwa hiyo mwandishi wa riwaya alitangulia kuandaa meza, serikali ikaja baadaye kukaa.

Na tazama mbinu ya Hale. Ili aweze kuieleza karamu ile, anamleta mezani mgeni Mwingereza, mtu asiyejua lolote, ili mzee wa nyumba apate wa kumweleza. Mgeni ni sikio. Kazi yake ni kuuliza, "Hii nayo ni nini?" kisha kunyamaza ajibiwe. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa yule Mwingereza. Baba wa rafiki yangu alinieleza bata mzinga, akanieleza mkate uliovurugwa na viungo na kuokwa, akanieleza ule mchuzi mtamu wa matunda mekundu unaoliwa na nyama (jambo ambalo mpaka leo moyo wangu haujaridhia), na mimi nikatikisa kichwa kila mara. Alikuwa mtu mwema sana. Ila hakuniuliza hata swali moja ambalo jibu lake lingezidi maneno matatu.

Sasa twende kwa O. Henry. Hadithi yake "Two Thanksgiving Day Gentlemen" imo katika mkusanyiko wa mwaka 1907, The Trimmed Lamp. Stuffy Pete, mtu asiye na makazi, anakaa kwenye benchi katika bustani ya Union Square, New York. Kwa miaka tisa, kila Siku ya Shukrani, mzee mmoja nadhifu amekuwa akija kumchukua hapo na kumpeleka mgahawani, kisha anakaa kumtazama akila. Mwaka huu Pete amefika benchini akiwa tayari ameshiba hadi kupumua ni taabu, kwani njiani mabibi wawili wa ukoo wa kale walimwingiza ndani na kumlisha kila kitu. Mzee anakuja. Anasema maneno yake yaleyale ya kila mwaka. Pete anamtazama machoni, anaona furaha iliyomo, na anajibu kwamba ana njaa.

Anakula tena. Anakula kama askari anayetekeleza amri, mpaka wanaagana na yeye anaanguka barabarani, anapelekwa hospitali. Baada ya muda analetwa mgonjwa mwingine, na ndiye yule mzee. Madaktari wanagundua kwamba hajatia kitu tumboni kwa siku tatu. Hela aliyokuwa nayo aliitunza kwa ajili ya chakula cha Pete.

Watu wengi huisoma kama kichekesho chenye mwisho wa kushtukiza, na kweli O. Henry hakuacha kutega mitego yake. Lakini mimi, niliyewahi kula mara mbili, naisoma kama habari ya kweli kabisa. Kinachouma si tumbo la Pete, ni lile neno "nina njaa." Wanaume hawa wawili wanadanganyana kwa adabu. Mwenye njaa anajifanya ameshiba, aliyeshiba anajifanya ana njaa, na mila inasonga mbele ikiwa imewakalia wote wawili shingoni. Laiti mmoja angesema ukweli, wangegawana sahani moja na jioni ingeisha vizuri. Hakuna aliyethubutu, kwa kuwa kila mmoja alimpenda mwenzake kiasi cha kutotaka kumharibia siku.

Udhaifu wa hadithi hii, kwa maoni yangu, ni kwamba msimulizi anafurahia mno utani wake. Pete anabaki mtu wa kuchekwa. Tunaambiwa tumbo lake lilivyotuna, hatuambiwi alikotoka. O. Henry anamfungulia mlango mgeni, kisha anamketisha mahali pa mwanasesere.

Truman Capote anakwenda mbali zaidi. Hadithi yake "The Thanksgiving Visitor" ilitoka mwaka 1967 jaridani, kisha ikawa kitabu kidogo. Iko Alabama mashambani, miaka ya njaa ya 1930, na msimulizi ni mtu mzima anayekumbuka alipokuwa mtoto aitwaye Buddy, akilelewa na ndugu wazee. Rafiki yake mkubwa ni binamu yake mzee, Miss Sook, mwanamke mwenye roho ya mtoto. Shuleni kuna mvulana mkubwa, Odd Henderson, kutoka familia fukara, ambaye anamtesa Buddy kila siku. Miss Sook anafanya nini? Anaamua Odd aalikwe kwenye Siku ya Shukrani.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye neno lenyewe. Kama ningepewa kazi ya kulitafsiri jina la hadithi hii ningeandika "Mgeni wa Siku ya Shukrani," na papo hapo ningekuwa nimeongeza kitu ambacho Capote hakuwa nacho. Sisi neno letu ni moja. Mgeni ni aliyealikwa, na mgeni ni yule tusiyemjua, wa kuja, asiye wa hapa. Kiswahili hakitenganishi anayekuja kula na anayetiliwa shaka. Odd ni wote wawili kwa wakati mmoja, na nadhani kila mwanafunzi wa kigeni aliyewahi kusimama mlangoni kwa watu akiwa na chupa ya juisi mkononi anaijua hali hiyo.

Basi, siku inafika, Odd anakuja. Buddy, akiwa amejificha, anamwona akichukua bruchi ya Miss Sook, lile pambo lake la kubana kifuani. Anangoja watu wote wakae mezani, kisha anatangaza mbele yao kwamba kuna mwizi. Miss Sook anainuka kwenda kutazama. Anarudi na kusema bruchi ipo mahali pake.

Amedanganya. Amedanganya mbele ya ukoo mzima, dhidi ya mtoto anayempenda kuliko wote, ili kumsitiri mtoto wa watu. Na hapo ndipo Odd anasimama, anasema Buddy hakusema uongo, anaitoa bruchi, anamsifu yule bibi aliyekubali kusema uongo kwa ajili yake, na anaondoka zake.

Baadaye Miss Sook anamweleza Buddy tofauti kati ya makosa mawili. Odd alitamani kitu akakichukua. Buddy alikaa, akapanga, akasubiri wakati mzuri wa kumuumiza mtu mbele za watu. Kwa Miss Sook, ukatili wa kupangwa ndio usiosameheka.

Wahakiki wengi huishia kwenye somo hilo, na ni somo zuri. Mimi nataka kukaa kwenye dakika moja kabla yake, pale Odd anaposimama. Kwa nini alisema? Alikuwa ameshaokolewa. Angeweza kukaa, akamalizia pai yake, akaenda na bruchi mfukoni. Jibu langu ni kwamba uongo wa Miss Sook ndio uliompa nafasi ya kusema kweli. Buddy alipomtaja kama mwizi, alimfungia mdomo, maana mtuhumiwa hasemi, anajitetea tu. Miss Sook alipomsitiri, alimrudishia mdomo wake. Kwa mara ya kwanza siku ile mgeni alikuwa na hiari, nyamaza au sema. Akasema.

Hilo ndilo ninalolikosa kwa O. Henry. Na hata kwa Capote halijakamilika, niseme wazi. Odd anapata dakika moja, kisha hadithi inarudi kwa Buddy, uchungu wa Buddy, kukua kwa Buddy. Mtoto fukara amekuja mezani, amemfundisha mtoto wa nyumba somo la maisha, ameaga. Ningependa kuisoma karamu ileile ikisimuliwa na Odd: njia aliyopita, nguo alizovaa, alichowaambia wadogo zake aliporudi. Hadithi hiyo haipo.

Kwamba haipo si jambo dogo, na hapa ndipo tamthilia ya Larissa FastHorse inapoingia. FastHorse ni wa taifa la Sicangu Lakota. The Thanksgiving Play ilioneshwa New York mwaka 2018, na mwaka 2023 ikafika Broadway. Wahusika ni watu wanne wenye nia njema, wote Wazungu, wanaotaka kutunga mchezo wa shule kuhusu Siku ya Shukrani utakaowaheshimu wenyeji wa asili wa Amerika. Shida ni kwamba chumbani hakuna mwenyeji wa asili hata mmoja. Mwigizaji waliyemwajiri wakidhani ni wa asili, kumbe siye. Wanahangaika, wanajadili, wanajilaumu, na kadiri wanavyozidi kuwa waangalifu ndivyo kiti kile kitupu kinavyozidi kuonekana. Ni kichekesho, utacheka mpaka ushike mbavu, halafu usiku ukilala utakumbuka kwamba hukuisikia hata mara moja sauti ya waliokuwa wakijadiliwa.

FastHorse amegusa mzizi. Barua ya Edward Winslow kuhusu mavuno ya 1621 inasema kiongozi Massasoit alikuja na watu kama 90, wakakaa siku tatu, wakaleta paa watano. Michoro ya shuleni inawaweka Wawampanoag kama wageni waliokaribishwa. Jamani, nani alikuwa mgeni pale? Koloni la Plymouth lilijengwa palipokuwa kijiji cha Patuxet, ambacho watu wake waliangamizwa na maradhi ya miaka ya 1616 hadi 1619, yaliyofika pwani ile pamoja na meli za Ulaya. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeisema maisha yangu yote bila kuiwazia. Niliposoma habari za Patuxet ilinikwama kooni. Kule mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Kisha mwaka 1970, Massachusetts iliposherehekea miaka 350 tangu meli ya Mayflower kufika, waandaaji walimwalika Wamsutta Frank James, Mwampanoag, ahutubie kwenye karamu. Wakataka kuiona hotuba yake mapema. Walipoisoma, wakaikataa na kutaka aseme maneno mengine. Yeye akakataa kuyasema. Siku ya Shukrani mwaka ule alisimama na wenzake kwenye kilima cha Cole's Hill, Plymouth, karibu na sanamu ya Massasoit, wakaiita Siku ya Taifa ya Maombolezo. Inaadhimishwa hadi leo, Alhamisi ileile, wakati nyumba nyingine zinapasha moto oveni. Mgeni alipewa kiti, akanyimwa mdomo. Akaacha kiti, akachukua mdomo.

Sasa nirudi kwenye meza yangu mwenyewe, maana nilianza nayo na si vizuri kuiacha njiani.

Baba yangu alifariki Agosti mwaka ule. Sikwenda kumzika. Nauli haikuwepo, na karatasi zangu zilikuwa katika hali ambayo nikitoka huenda nisingerudi. Nilimwambia rafiki yangu wa bwenini, nikamwomba asilizungumze. Novemba ilipofika akanialika kwao. Mama yake sikuweza kumwita kwa jina lake kama alivyotaka. Nilimwita mama tu, naye akacheka na kuzoea.

Chakula kilipokaribia kuisha, wakaanza ule mzunguko wa kutaja unachoshukuru. Bibi alishukuru kwa goti lake jipya. Mdogo wa rafiki yangu alishukuru kwa mbwa. Nikiona zamu inakuja kwangu, mikono ikaanza kunitoka jasho. Nilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri na ya uongo. Ya pili ilikuwa ya kweli, na ingeizima meza nzima.

Zamu yangu ilipofika, mama akaruka kitini. "Pai!" akasema. "Pai inaungua!" Akakimbilia jikoni, watu wakainuka, sahani zikagongana, mzunguko ukavunjika na haukurudi tena.

Nikiri kwamba niliumia. Niliona nimerukwa. Wote wamesema, mpaka mtoto na mbwa wake, mimi nikapitwa kama nguzo ya umeme. Saa mbili usiku, kwenye kile chumba cha marafiki, nikala mara ya pili kama Stuffy Pete, kwa sababu mwenzetu kutoka Nepal alikuwa amekesha akipika na sikuweza kumwambia nimeshiba. Palikuwa na wali wa viungo, na ugali niliousonga mwenyewe kwa unga wa mahindi wa kule, uliokataa kushikana. Hakuna aliyezungusha swali lolote. Ila mmoja aliuliza tu, akiwa na chakula mdomoni, "Kwenu mnakula nini mtu akifa?" Sijui kwa nini aliuliza hivyo. Nikajibu. Nikaendelea kujibu mpaka saa saba usiku. Walisikiliza, na mmoja alilia kabla yangu.

Kwa miaka mingi nilizitenganisha meza hizo mbili: ile ya familia, iliyonyamazisha, na ile ya marafiki, iliyosikiliza. Huo ndio uhakiki niliokuwa nao, na ulinitosha, mpaka niliposoma Capote. Nilipofika pale Miss Sook anaporudi na kusema bruchi ipo, nilifunga kitabu nikampigia simu rafiki yangu. Nikamuuliza: ile siku, pai iliungua?

Akacheka. Akasema pai zilinunuliwa dukani tangu Jumatano. Zilikuwa mezani, pembeni ya bibi, muda wote. Mama yake alikuwa anajua habari ya baba yangu, kwa kuwa yeye alishindwa kuificha, na alipoona uso wangu ukibadilika akafanya alichoweza.

Kwa hiyo nilikosea kumsoma. Alichonipa si ukimya waliotaka kumpa Frank James, ule wa kumpa mtu maneno ya wengine ayaseme. Alinipa ukimya wa Miss Sook, unaomwachia mgeni hiari yake. Sikulazimika kudanganya saa tisa alasiri, na labda ndiyo maana saa mbili usiku nilikuwa bado na kweli ya kusema.

Bado namtaka mwandishi atakayemwacha Odd Henderson asimulie mwenyewe. Lakini nikikutana na hadithi nyingine ya Siku ya Shukrani sitauliza tu kama mgeni amesema. Nitatazama pia nani aliyeinuka kwenda jikoni, na jikoni kulikuwa na nini.

Mama yule sikuwahi kumshukuru kwa jambo hilo. Novemba ijayo nina nauli. Nitapeleka pai, na nitaomba mzunguko uanzie kwangu.